Taa Ilianguka Majini

Madaftari yalikuwa arobaini na mawili, yamepangwa juu ya meza ya mbao barazani kwa rafiki yangu, na juu yake limewekwa jiwe jeusi la volkano ili upepo wa ziwa usiyafunue. Rafiki yangu ni mwalimu wa lugha katika shule moja ya Nyamyumba, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, ufukweni mwa Ziwa Kivu. Anafundisha madarasa matatu ya mwanzo ya sekondari, watoto wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na sita hivi. Nilikuwa mgeni wake, na waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walijua wanachosema. Siku ya tatu nilipewa kalamu nyekundu.

Insha ilikuwa ya ukurasa mmoja, "Siku Nisiyoisahau". Nilisahihisha kwa kasi ya mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi: mstari hapa, duara pale, alama chini, daftari linalofuata. Binti mmoja alikuwa ameandika: "Mama yangu iko nauzisha sambaza ku bariyeri. Iko naamuka saa tisa ya usiku." Nikaijaza sentensi yake wekundu. "Iko nauzisha" nikaiandika "anauza". "Ku bariyeri" ikawa "mpakani". "Naamuka" ikawa "anaamka". Hata sambaza wake nikawafuta, nikaandika "dagaa". Muda mfupi baadaye nikafungua daftari la kijana aliyeandika kwa mwandiko wa kupendeza sana: "Usiku ule taa ilianguka majini. Baba alihuzunika mno." Sikuona kosa. Nikatia tiki, na pembeni nikaandika "Vizuri".

Rafiki yangu alipoketi kuyapitia, alisimama kwenye madaftari hayo mawili. Akayaweka kando, moja juu ya jingine.

"Dada, haya umeyasoma?"

"Nimeyasahihisha," nikamjibu.

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Huyu binti kasema nani anafanya nini, wapi, saa ngapi. Huyu kijana taa yake imeanguka yenyewe. Na wewe umemkosoa nani?"

Nimekaa na swali hilo tangu jioni ile.

Nyamyumba ni sekta ya wilaya ya Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Wasafiri huijua kwa chemchemi zake za maji moto, amashyuza, ambamo watu huchovya miguu inayouma, na kwa kiwanda cha bia cha Bralirwa kilichosimama kando ya ziwa tangu 1957. Wenyeji wanaijua zaidi kwa mitumbwi. Jua linapozama, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu hutoka kwenda katikati ya ziwa, na wavuvi huimba wakipiga makasia kwa mwendo mmoja. Wanakwenda kumngoja sambaza, samaki mdogo wa fedha anayefuata mwanga usiku. Sambaza hakuwa wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaana, na leo ndiye chakula na ada ya shule ya nyumba nyingi za hapa. Ndiyo maana taa si kitu kidogo. Bila taa hakuna samaki, na bila samaki mama hana cha kupeleka mpakani kuwauzia watu wa Goma.

Katika mwendo huo wa ziwa, soko na mpaka, mtoto wa Nyamyumba hupita ndani ya lugha nne kabla hajalala. Nyumbani ni Kinyarwanda. Mpakani na Goma ni Kiswahili, kile cha Kivu, chenye "batu" na "bintu" na "iko naenda". Darasani masomo mengi ni kwa Kiingereza tangu serikali ilipoamua mwaka 2008 kuachana na Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Na Kifaransa chenyewe bado kinakaa midomoni mwa babu na bibi waliosoma zamani. Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, miaka kumi baada ya Rwanda kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtoto huyu ana utajiri ambao watoto wengi duniani hawana, lakini ana hatari pia ya kuambiwa anakosea katika kila lugha anayofungua mdomo kuisema.

Mzazi akiulizwa mwanawe anasoma nini, hutaja hesabu, fizikia, baiolojia. Lugha huongezwa mwishoni na neno "tu". Anasoma lugha tu. Simlaumu mzazi huyo. Ameona vijana wenye vyeti vya sayansi wakiajiriwa na ameona wenye insha nzuri wakikaa. Na ukimwonyesha yaliyomo katika somo la lugha, yaani kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika, sarufi kidogo, mashairi na vitendawili, barua na mdahalo, anaweza kukuuliza kwa haki kabisa: hivi si vitu anavyovijua tangu utotoni? Mtoto gani wa miaka kumi na minne hajui kuzungumza?

Asubuhi iliyofuata nilikaa nyuma ya darasa. Somo lilikuwa mnyambuliko wa vitenzi, ambalo kwa kawaida huwatia watoto usingizi. Mwalimu aliandika ubaoni: "Kikombe kimevunjika." Chini yake akaandika kwa Kinyarwanda: "Igikombe cyamenetse." Kisha akageuka.

"Nani?"

Darasa kimya. Mmoja akanyoosha mkono. "Hakuna mtu, Mwalimu. Kimevunjika."

"Kilikuwa mezani, sasa kiko chini vipande vipande, na nyumbani mlikuwepo watu sita. Nani?"

Kicheko kikapita, cha watoto waliowahi kuwa mmoja wa watu sita. Hapo akaandika sentensi za pili: "Nimekivunja kikombe." "Nakimennye." Akapigia mstari kipande kidogo, *ik* katika *vunjika* na *ek* katika *meneka*, akawaonyesha kwamba lugha zao mbili ni ndugu wa tumbo moja na zina ujanja uleule. Weka kipande hicho ndani ya kitenzi, na mtenda anatoka nje ya sentensi kimyakimya. Kikombe kinabaki peke yake na balaa lake.

Akawaomba jozi nyingine, nao wakazimimina: maziwa yamemwagika, nimeyamwaga, ugali umeungua, nimeuunguza, ufunguo umepotea, nimeupoteza. Msichana wa dirishani akasema "taa imeanguka, nimeiangusha". Mstari wa tatu kulikuwa na kijana aliyeinamia daftari lake kwa ghafla, kana kwamba kuna kitu cha haraka cha kuandika.

Mwalimu hakumtazama. Nilimpenda kwa hilo. Badala yake aliuliza swali ambalo sikulitegemea: je, kauli ya kutendeka ni ya waongo? Wakasema ndiyo, wote. Akatikisa kichwa. Akawakumbusha Mei 2023, usiku wa mvua kubwa, mto Sebeya ulipofurika na maporomoko yakashuka, na zaidi ya watu 130 wakafa katika magharibi na kaskazini ya nchi, baadhi yao hapa Rubavu. "Nyumba zilibomoka," akasema. "Nani alizibomoa?" Hakuna aliyejibu, maana hakukuwa na jibu. Akawakumbusha Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na ardhi ikatetemeka siku nyingi: kuta za Gisenyi zilipasuka. Zilipasuka kweli. Mtu akija akakuambia jirani fulani ndiye aliyezipasua, huyo ndiye wa kuogopwa. Kwa hiyo kauli zote mbili ni za haki, kila moja mahali pake, na kazi ya mwanafunzi ni kujua ukweli unakaa katika ipi.

Kengele ikalia. Dakika arobaini zilikuwa zimekwisha, na mimi niliyefundisha mnyambuliko miaka yote ile sikuwahi kuufundisha hivyo. Nilifundisha viambishi. Watoto wangu walifaulu mtihani, wakajua kuorodhesha kauli za vitenzi kwa mpangilio, na sidhani kama kuna aliyeondoka akijua kwamba kauli ni mahali mtu anapoweza kujificha.

Mtaala wa Rwanda ulioanza kutumika mwaka 2016 unadai kwamba kila somo lifumwe ndani yake mambo ya amani na maadili, na elimu kuhusu mauaji ya kimbari. Walimu wengi huona ni mzigo. Utafuma vipi amani ndani ya desimali? Rafiki yangu aliniambia kwamba mwanzoni alikuwa akiongeza dakika tano za mawaidha mwishoni mwa kipindi, na watoto walikuwa wakiyapokea kwa nyuso za watu wanaongoja mvua ipite. Siku hizi hahubiri. Anafundisha vitenzi.

Na mahali hapa lazima niseme kwa nini jambo hili lina uzito katika wilaya hii kuliko pengine. Mwaka 1990 lilianza kutolewa gazeti la Kangura, mhariri wake akiwa Hassan Ngeze, mtu wa Gisenyi. Jina lenyewe maana yake ni "amsha". Desemba ya mwaka huo lilichapa zile zilizoitwa amri kumi za Wahutu, za kuwafanya Watutsi waonekane maadui wa kila nyumba. Redio ya RTLM ikaja mwaka 1993 na kuendeleza kazi hiyo kwa sauti. Jirani akaitwa *inyenzi*, mende. Akaitwa *inzoka*, nyoka. Darasani tunaita hiyo sitiari: kukipa kitu jina la kitu kingine. Na mauaji yenyewe, yalipoanza Aprili 1994, kwa vinywa vya wengi yaliitwa *gukora*, kufanya kazi. Darasani tunaita hiyo tafsida: kulifunika jambo zito kwa neno laini. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani Ngeze pamoja na waanzilishi wawili wa RTLM. Walihukumiwa kwa mengi, na katikati ya hayo kulikuwa na maneno.

Sikumbuki kama nilipokuwa nikifundisha tamathali za semi niliwahi kumwambia mtoto kwamba tamathali inaweza kuua. Nilimwambia inapamba lugha. Kitabu kilisema hivyo, nami nikasema hivyo.

Lakini mtu akisikia haya asikimbilie kuichukia tafsida. Kinyarwanda kina utamaduni mzima wa maneno ya staha, *ikeshamvugo*, na watoto huusoma shuleni. Mfalme wa zamani hakusemwa kuwa amekufa. Ilisemwa *yatanze*. Ng'ombe, maziwa na ngoma vilikuwa na vitenzi vyao, na aliyetumia kitenzi cha ovyo alijulikana hakulelewa. Waswahili nao hawasemi mwanamke kazaa kama mbuzi, husema amejifungua, na anayetoka barazani kwenda msalani huenda "kujisaidia". Ni kitambaa kilekile kinachofunika. Nilimuuliza rafiki yangu jinsi anavyowatofautishia watoto kitambaa cha heshima na kitambaa cha kuficha maiti. Alifikiri kwa muda mrefu, akiwa anachambua maharage. Akasema huwauliza swali moja: neno hili linamlinda nani? Aliyefiwa, au aliyeua?

Siku moja ya juma hilo kipindi kilikuwa cha vitendawili, na darasa halikuwa na usingizi hata chembe. Kwa Kinyarwanda mtegaji huita "Sakwe sakwe!" na wenzake humjibu "Soma!" Kwa Kiswahili huita "Kitendawili!" nao humjibu "Tega!" Nimeyasikia maneno hayo tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kuyatazama. Ukiyatazama utaona kwamba mtegaji haanzi. Anaomba. Anangoja aambiwe na wasikilizaji kwamba wako tayari, kisha ndipo anasema, na watu wote humpa masikio. Na wakishindwa hawambishii. Wanampa mji, naye anakifumbua kitendawili. Siku ile mtegaji alipewa Goma akaukataa, akapewa Musanze akaukataa, akapewa Kigali ndipo akakubali kutoa jibu, huku darasa likipiga kelele kwamba ni mwizi. Katika lugha zote mbili, mababu waliweka mlango mbele ya maneno na wakamfundisha mtoto kubisha hodi. Sijui mtaala gani ungeweza kufundisha kusikiliza vizuri zaidi.

Kesho yake nilimwona mtoto yuleyule aliyekuwa mtegaji akisimama katika mdahalo wa darasa, akipinga hoja ya mwenzake kwa kuanza na kuirudia kwanza: "Mwenzangu amesema hivi na hivi. Nimemsikia." Mwalimu huwataka wote wafanye hivyo. Asiyeweza kuirudia hoja ya mpinzani kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe ataikubali, hana ruhusa ya kuijibu. Wengine hukwama hapo hapo, wanakaa chini.

Turudi kwa binti wa sambaza, maana deni lake bado liko kwangu.

Nilichomfanyia kina historia ndefu Afrika Mashariki. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukoloni wa fikra, ameeleza jinsi watoto wa shule walivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni kwa kusikika wakisema Kikuyu. Mimi sikumvisha mtu kibao. Nilitumia kalamu tu, na kosa lilikuwa katika Kiswahili chenyewe, Kiswahili kikikosoa Kiswahili. Lakini mtoto hapimi hivyo. Yeye aliandika kwa sauti ya mama yake, ile ya saa tisa ya usiku jikoni, na daftari likarudi likiwa jekundu.

Ni kweli anahitaji sanifu. Mtihani wa taifa wa mwisho wa mwaka wa tatu hautamuuliza "iko nauzisha", na siku akienda Dodoma au Mombasa atataka aeleweke. Sanifu yenyewe, tukumbuke, haikushuka kutoka mbinguni: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja, na watu wa Mvita wenye tenzi zao za karne nyingi wakaambiwa ya kwao ni lahaja. Ilibidi kuchagua, na walichagua. Mimi ni mla matunda ya uchaguzi huo na ninaupenda. Ila uchaguzi huo ulikuwa wa kutuunganisha, tuweze kuandikiana kutoka Lamu hadi Kisangani, na haukuwahi kumpa mwalimu haki ya kumfuta mama wa mtu.

Hata wale dagaa niliowaweka mahali pa sambaza. Binti alikuja barazani mchana wa siku iliyofuata kuchukua madaftari, maana yeye ndiye kiranja. Alilifungua la kwake akiwa amesimama. Akasoma. Kisha akaniambia kwa adabu kubwa, macho yake yakiwa chini:

"Mama, dagaa si samaki wa kwetu. Wa kwetu ni sambaza."

Alikuwa na haki. Kamusi zangu zinalijua *sambaza* kama kitenzi, kueneza. Watu wa ziwa hili wana samaki mwenye jina hilo, wamemvua tangu kabla mimi sijajua kusoma, na jina la kitu ni la wanaoamka usiku kukitafuta. Nilimwomba daftari. Chini ya wekundu wangu niliandika: "Nimekosea. Sambaza ni sahihi." Kalamu ilisita kidogo hapo, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea kuandika "kosa limetokea". Kisha nikamweleza kuhusu "anauza" na "anaamka", kwamba hizo ni nguo za kwenda ugenini, na kwamba za nyumbani azitunze. Alisema "Asante, Mama," akaondoka na madaftari kichwani. Sijui kama alinisadiki. Nguo za nyumbani na za ugenini ni maneno mazuri, lakini mtoto anajua vizuri ni zipi mtu huzionea haya akikutwa nazo.

Jioni ile rafiki yangu alinisimulia kuhusu gacaca, mahakama za kijamii za kesi za mauaji ya kimbari, bila mimi kuuliza. Alikuwa msichana wa sekondari mahakama hizo zilipoenea nchi nzima, mwaka 2005. Zilifungwa Juni 2012, zikiwa zimesikiliza kesi karibu milioni 2, watu wakikaa nyasini na majirani wakiwa mahakimu. Sheria ilimtaka anayekiri aeleze alichofanya, wapi, kwa nani, pamoja na nani, na miili ilitupwa wapi. Yeye anachokikumbuka ni vitenzi. Mtu husimama na kuanza kwa kusema watu walikufa. Hakimu humngoja. Kisha husema waliuawa. Mahakama humngoja tena. Mwanamke fulani pembeni amekunja mikono na bado hajui mwanawe alizikwa wapi. Wengine walikaa chini hapo hapo kwenye "waliuawa", na hawakuvuka. Waliovuka walisema "nilimuua", na baada ya neno hilo, akaniambia, sauti ya mtu hubadilika, na hata aliyekunja mikono hubadilika, ingawa si lazima asamehe. Hakudai kwamba kila kilichosemwa pale kilikuwa kweli. Walikuwepo waliosema "mimi" ili wapunguziwe miaka gerezani, na walikuwepo waliosingiziwa. Lakini alikuwa na umri wa wanafunzi wake wa leo, na aliona kwa macho yake kwamba kutoka kauli moja kwenda nyingine ni safari ambayo mtu mzima anaweza kushindwa kuimaliza.

"Nikasema, mtoto aizoee mapema," alisema. "Aanze na kikombe."

Nimefikiri sana juu ya hilo la kuanza na kikombe. Tunapenda kuzungumza juu ya maadili kwa majina makubwa. Wanyarwanda wanayaita *indangagaciro*, na utayaona kwenye kuta za shule yamepakwa rangi: ukweli, heshima, umoja. Sina ugomvi na kuta. Ila mtoto hapiti kila siku mahali panapodai umoja wa taifa. Anapita mahali palipo na kikombe, ufunguo, deni la faranga mia tano, rafiki aliyesemwa vibaya mapumzikoni. Hapo ndipo anapohitaji kuwa na sentensi tayari mdomoni. Na sentensi haiji yenyewe, hufundishwa kama kuogelea, kwenye maji mafupi kwanza. Huyu mwalimu, kwa chaki na dakika arobaini, anamzoesha mtoto kuliweka "ni" mwanzoni mwa kitenzi bila kuzama. *Nimevunja. Nimepoteza. Niliangusha.* Herufi mbili. Fizikia itamfundisha kwa nini kikombe huvunjika kikianguka, na ni elimu tukufu. Lakini hakuna kipindi kingine kwenye ratiba kinachomfundisha kusema nani.

Siku yangu ya mwisho, wanafunzi walirudisha insha walizoziandika upya. Hii ni desturi yake. Hatoi alama kwa rasimu ya kwanza, anataka waione sentensi yao ikibadilika mbele ya macho yao. Tulisimama nje ya darasa, watoto wakitoka. Chini yetu ziwa lilikuwa limeanza kuwa rangi ya chuma, na mitumbwi ya kwanza ilikuwa ikisukumwa, na wimbo wa wavuvi ukija vipande vipande kadiri upepo ulivyouruhusu.

Kijana wa mstari wa tatu alingoja wenzake waishe. Akampa daftari limefunguliwa kabisa, kidole kikiwa kwenye mstari. Niliuona, maana nilisimama begani mwa rafiki yangu. Mwandiko haukuwa mzuri kama ule wa kwanza. Alikuwa amefuta mara mbili, karatasi imechubuka. Iliandikwa: "Nilikuwa ninapakia vitu kwenye mtumbwi na kucheza na mdogo wangu. Niliangusha taa ya Baba majini."

Mwalimu alisoma mpaka mwisho wa ukurasa. Hakutia tiki, hakuandika kitu pembeni. Akalifunga daftari, akamrudishia kwa mikono miwili kama mtu anavyomrudishia mkubwa kitu chake.

"Baba anajua?"

"Bado, Mwalimu."

Akaliingiza daftari mkobani, akashuka njia ya ziwani, kule zinakotokea nyimbo.